Punje Moja Kwenye Bwawa Tupu

Nilimwona kwa macho yangu mwanaume mzima amevishwa kokoro mwilini. Kokoro la kuvulia samaki, limelowa chapachapa, linachuruzika maji, halafu akazungushwa kijiji kizima.

Ilikuwa Juni, mwaka 1976. Asubuhi. Baridi ya Ufipa wanaoijua wanaijua, ukitema mate unaogopa yasigande.

Kosa lake? Samaki hawakuonekana.

Sikusema aliiba. Nimesema hawakuonekana.

Sasa tuelewane mapema. Nina miaka sitini na nane, naandika kwa kidole kimoja, sitaki mtu wa kunikatiza huko kwenye maoni kabla hajafika mwisho. Mwenye haraka apite, barabara ni pana.

Huyo mwanaume aliitwa Zenon.

Mtu wa chini chini, mpole, hana makuu. Kabla ya operesheni ya vijiji alikuwa amechimba bwawa kwa jembe lake mwenyewe, misimu miwili, yeye na mkewe Kalista. Mwaka 1973 bwana samaki wa wilaya, kijana wa Mbeya aitwaye Ambakisye, akamletea vifaranga kwenye pipa. Samaki wa kigeni. Aliwaita karpu.

Wana magamba mapana na vijisharubu mdomoni. Siku ile bwana Ambakisye alitupitishia kimoja wanafunzi wote wa shule, tukakishika mkononi, tukacheka.

Mwaka uliofuata operesheni ikatufikia. Tukahamishwa wote kwenda kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Msanzi. Nyumba tukaziacha kule, zikawa mahame. Bwawa nalo likabaki kule, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Likatangazwa mali ya kijiji, Zenon akafanywa mlinzi wake.

Hakunung'unika. Alisema, "Samaki hawajui kama wamehamia kwenye ujamaa. Wacha wakue." Na hakuruhusu mtu avue hata mmoja mpaka wakomae.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Alfonsi.

Huyo Alfonsi alikuwa na sauti, na alikuwa anajua kuitumia. Akisimama kwenye mkutano, hata mbuzi wanatulia. Akaahidi wageni wa wilaya kwamba Juni watakula samaki wa mradi. Juni! Katikati ya kipupwe! Hakumuuliza Zenon, hakumuuliza mtu yeyote aliyewahi kulowesha miguu kwenye lile bwawa.

Wageni wakaja. Vijana wakaingia na kokoro, wakavuta mara ya kwanza. Majani.

Mara ya pili. Vyura wawili.

Mara ya tatu. Tope, na kiatu cha mtu.

Wageni wakaanza kutazamana. Mmoja akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Alfonsi jasho likamtoka kwenye baridi ile.

Zenon akasogea taratibu, kofia mkononi. "Ndugu Mwenyekiti, samaki wapo. Ni baridi. Wameshuka chini kabisa wamelalia tope, kokoro linawapita juu. Tusubiri Oktoba maji yapate joto."

Kweli tupu. Mtu yeyote mwenye akili angeishikilia hiyo kamba akajiokoa nayo.

Alfonsi alimgeukia, akamnyooshea kidole, akasema kwa ile sauti yake:

"Bwawa ni tupu! Na aliyelimaliza ni huyu! Mmekula na mkeo samaki wa umma, leo unatuambia habari za baridi?"

Akawageukia vijana wa kokoro.

"Mvisheni nyavu zake," akasema. "Azijue vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa, jamani. Wakamvisha. Wakamtembeza kutoka bwawani mpaka kijijini, saa moja na nusu, kokoro linamwagikia maji mgongoni, vijana wanaimba. Kalista alikuwa mlangoni anapepeta ulezi. Alimwona mumewe anakuja amefungwa kwenye nyavu, ungo ukamtoka mikononi.

Zenon aliugua kichomi wiki mbili. Akapona. Lakini kuna kitu hakikupona.

Aliacha kusema.

Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Kanisani haendi, kisimani haendi, kwenye pombe haendi. Anakaa nyuma ya nyumba, kwenye gogo, uso ameuelekeza ukutani. Watoto wakipita wanaimba, "Bwawa tupu! Bwawa tupu!" Na anawasikia.

Kalista alikwenda kwa Alfonsi mara moja tu, kwa heshima zote. Akapiga magoti.

"Mwenyekiti, wewe ndiye uliyesema. Kwetu aliyesema ndiye anayefuta. Simama mbele ya watu, sema bwawa lina samaki. Sitaki kingine."

Alfonsi akacheka. "Mama Sebastiani, lina samaki? Haya, nenda kavue uniletee."

Kosa! Kosa kubwa hilo. Kuna wanawake huwaambii hivyo.

Kalista aliinuka, akafuta vumbi magotini, akasema, "Nimekusikia, Mwenyekiti."

Kesho yake akaaga kwamba anakwenda kutafuta kuni. Akaenda mpaka mahameni, amebeba uzi wa nailoni na ndoano za mumewe. Akatundika bonge la ugali, na mengine akayatupa majini kuwavutia, kama walivyofanya watu wote mitoni siku zote.

Akakaa mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuna kitu.

Siku ya pili akaongeza ugali. Akaweka ndoano tatu kwenye uzi mmoja. Hakuna kitu.

Siku ya tatu akabeba machicha ya pombe kikapu kizima, akamwaga yote. Bwawa likatulia vile vile. Kalista akalia. Si kwa huzuni, la. Kwa hasira. Alinieleza baadaye kwamba alilitukana lile bwawa matusi ambayo hajawahi kumtukana binadamu.

Siku ya nne, alfajiri, alikuwa anakanda bonge lake la ugali jikoni. Zenon akaingia. Akamtazama mkewe, akatazama ule uzi wenye ndoano tatu, akaelewa kila kitu.

Akachukua lile bonge, akawatupia kuku.

Akakata ndoano mbili, akabakiza moja, ile ndogo kuliko zote. Kisha akaenda kwenye mtungi wa togwa ya ulezi, akatumbukiza mkono, akatoa punje ya hindi iliyokuwa imelowekwa humo mpaka ikalainika. Akamwekea Kalista kiganjani.

"Moja," akasema.

Ndilo neno la kwanza kutoka kinywani mwake tangu siku ile.

Kalista akasubiri aendelee. Akaendelea, kidogo, sauti imekwaruza.

"Kwenye baridi hawana njaa. Ukiwamwagia, wanashiba kabla hawajaiona ndoano. Tupa punje moja, kwenye kina, karibu na tuta, saa sita jua likiwa limepiga pale. Halafu tulia. Kiboya hakizami, kinatetemeka tu. Kikitetemeka, vuta."

Akarudi kwenye gogo lake.

Kalista alifanya hivyo hivyo. Ndoano moja, punje moja, kiboya cha unyoya wa kuku. Saa sita. Saa saba. Miguu imekufa ganzi, mgongo unauma, hathubutu kukohoa. Saa nane kasoro ule unyoya ukatetemeka, kama mtu ameupulizia kwa mbali.

Akavuta.

Akahisi uzito. Wenyewe, wa kweli, unakwenda kushoto, unarudi kulia, taratibu, maana kwenye baridi hata wao wana uvivu. Akamburuta mpaka kwenye majani, akamlalia kwa kifua ili asirudi majini. Karpu mzima mzima, kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni mpaka vidoleni.

Unadhani alikimbia kijijini kuwaonyesha watu?

Mimi ningekimbia. Wewe ungekimbia. Na Alfonsi angesema, "Huyo samaki kamnunua mahali," ingeishia hapo, na Zenon angebaki mwizi.

Kalista alikaa palepale kwenye tuta, samaki anapigapiga mkia pembeni, akawaza. Alipoinuka alikuwa ameshajua atakachofanya.

Jumamosi jioni akapiga hodi nyumbani kwa mwenyekiti, amebeba kikapu kilichofunikwa majani. Akapiga magoti tena.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Una nini tena?"

"Ndugu yangu amepanda kutoka bonde la Rukwa. Ameniletea samaki. Nikaona siwezi kula mimi kabla ya Mwenyekiti. Yaliyopita yamepita."

Alfonsi akafunua majani. Macho yakamng'aa. Nyama ilikuwa ya kuhesabu siku zile, na samaki mbichi ndiyo usiseme.

"Sasa umekuwa na akili, Mama Sebastiani," akasema. Akampa binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, ampare jikoni.

Habari zikasambaa. Wanawake kisimani wakamsema Kalista wazi wazi. "Amemvisha mumeo nyavu, wewe unampelekea kitoweo? Huna haya?" Mmoja akamtemea mate karibu na mguu.

Kalista akatua ndoo yake, akaijaza, akaondoka. Hakujibu. Jamani, kunyamaza kule! Mtu unadharauliwa na kijiji kizima, na siri unayo mfukoni, na hutoi.

Jumamosi ya pili, samaki. Ya tatu, samaki. Ya nne. Ya tano.

Alfonsi alifikia hatua ya kumuulizia. "Leo Mama Sebastiani hajapita?" Mkewe Dominika aliwahi kusema, "Baba, mbona samaki wa ziwani hawa wana sharubu za ajabu?" Akajibiwa, "Wewe kula."

Kwa sababu Alfonsi samaki alikuwa anamjua sahanini. Bwawani hakuwahi kuinama hata kunawa mikono.

Mwisho wa Julai wageni wa wilaya wakarudi, safari hii wakiwa na bwana samaki Ambakisye. Mkutano mkubwa. Hoja mojawapo ilikuwa kufuta mradi wa bwawa rasmi.

Alfonsi akasimama na sauti yake. "Ndugu wananchi, bwawa ni tupu. Tumelivuta mara tatu, mashahidi ni nyinyi wenyewe. Tulifute."

Kalista akanyoosha mkono.

Alikuwa amekuja na Zenon. Sijui alimwambia nini hata akakubali kutoka kwenye gogo, lakini alikuwepo, amekaa mwisho kabisa, shuka mabegani.

"Naomba nimuulize bwana samaki," Kalista akasema. "Hawa karpu, wilaya hii wako wapi kwingine?"

Ambakisye akasimama. "Hapa kwetu, mama? Hakuna kwingine. Niliwaleta mwenyewe, pipa moja, bwawa moja."

"Ziwa Rukwa hawapo?"

"Hawapo."

"Asante, baba. Sasa nimuulize Mwenyekiti. Jumamosi iliyopita ulikula nini?"

Vichwa vyote vikamgeukia Alfonsi.

"Nilikula chakula changu," Alfonsi akasema. "Hayo ni maswali gani?"

"Ulikula karpu. Na Jumamosi ya kabla yake. Na ya kabla ya hiyo. Watano. Magamba yako kwenye jalala lako nyuma ya jiko."

"Uongo!" Alfonsi akanguruma. "Kachimbueni!"

Vijana wakakimbia na majembe. Wakachimba lile jalala mpaka wakafika kwenye udongo mwekundu. Majivu, maganda ya viazi, mifupa ya kuku.

Gamba hata moja hakuna.

Alfonsi akaanza kutabasamu. Kalista akalitazama lile shimo. Aliniambia baadaye kwamba pale alihisi ardhi inamkimbia, maana mahesabu yake yote yalikuwa kwenye lile jalala. Zenon kule nyuma akainamisha kichwa, akajifunika shuka mpaka juu.

Ndipo binti wa mwenyekiti akaingia katikati ya mkutano. Mkononi kopo la maziwa ya unga.

Akalimwaga juu ya meza ya wageni.

Magamba! Mapana, makavu, yamesafishwa, mamia yake, yanateleza mpaka chini.

"Sikuyatupa," akasema. "Nilimjua samaki tangu wa kwanza. Bwana samaki alitushikisha shuleni."

Ambakisye akaokota moja, akaliinua kwenye mwanga. "Karpu," akasema.

Binti huyo ni mimi. Naitwa Bertilla, na Alfonsi alikuwa baba yangu mzazi.

Haya, pumueni kwanza.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa njiani siku ile walipomtembeza Zenon, na aliponipita alinisalimia. Yuko ndani ya nyavu, meno yanagongana kwa baridi, akasema, "Hujambo, mwanangu?" Nikashindwa kuitikia. Tangu siku hiyo nikila chakula cha baba kinanikwama.

Turudi mkutanoni. Kalista sasa alikuwa amesimama wima.

"Mwenyekiti, chagua. Bwawa ni tupu? Basi waliolimaliza wako tumboni mwako, na mwizi ni wewe. Au useme nimewavua mimi, kwa ndoano, kipupwe hiki hiki. Nikamate! Niite mwizi mbele ya watu! Lakini ukisema nimewavua, umesema bwawa lina samaki, na mume wangu hakuiba. Sema moja."

Akangoja. Watu wote wakangoja.

Ilikuwa sentensi moja tu, jamani. Angesema, "Bwawa lina samaki, nilikosea," angezomewa siku mbili, ya tatu tungesahau. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo. Baba, sema. Sema tu.

Baba alimtazama Zenon, akanitazama mimi, akatazama magamba.

"Nilinunua mnadani," akasema.

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mnada gani, wakati hata sabuni ilikuwa hakuna!

Alikubali kuitwa mwizi kuliko kusema alimsingizia mtu. Ndivyo alivyokuwa baba yangu.

Uenyekiti ukamtoka palepale. Na vijana, wale wale waliomvisha Zenon, wakaleta lile lile kokoro. Wakalilowesha kisimani kwanza.

Kalista angeweza kusema acheni. Watu walimtazama, wanasubiri. Hakusema. Alikunja mikono kifuani, akaangalia mpaka fundo la mwisho. Nililia siku ile mpaka nikakosa sauti, ila siwadanganyi, kuna upande wa roho yangu ulikuwa unasema: haya, nawe uijue hiyo baridi.

Baba alihamia mjini, Mazwi, kwa mdogo wake. Oktoba bwawa likavutwa, samaki wakajaa mitumbwi miwili ya kulishia ng'ombe. Watu wakamwomba Zenon radhi, wakampelekea pombe. Akawashukuru. Lakini kwenye gogo alirudi.

"Hao waliimba tu," alimwambia mkewe. "Hawakusema wao."

Kwa hiyo Kalista hakumalizana na Alfonsi.

Kila Julai, baridi ikikaza, alikwenda bwawani na ndoano moja na punje moja, na mimi akanifundisha. Hapo ndipo aliponisimulia yote haya, kiboya kikiwa kimya mbele yetu. Samaki wa kwanza wa msimu alikuwa wa Alfonsi. Mzima, na magamba yake. Nambeba mimi mpaka Mazwi, na swali lile lile.

"Shikamoo, baba. Mama Sebastiani anauliza, bwawa lina samaki?"

Mwaka wa kwanza alimtupia paka. Wa pili alinifukuza. Wa tatu alijifanya amelala. Miaka saba nilibeba samaki yule.

Julai 1983 nilimkuta kitandani, mbavu zinahesabika. Nikaweka kikapu chini. Kabla sijauliza, akasema:

"Lina."

"Nini, baba?"

"Bwawa lina samaki. Zenon hakuiba. Nilijua tangu aliposema habari ya baridi. Kamwambie."

Nilipanda lori la mahindi siku ile ile. Nikafika kwa Kalista nahema, nikamwambia neno kwa neno. Nilidhani atapiga vigelegele.

Aliendelea kuchekecha unga wake.

"Kasema mbele ya nani?"

"Mbele yangu, mama."

"Zenon alisingiziwa chumbani?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi bado," akasema.

Baba alifariki wiki mbili baadaye. Zenon akafuata baada ya miaka mitano, na kwenye msiba wake, nimesikia kwa masikio haya, kijana mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu ndiye yule wa bwawa tupu?" Kalista naye alikwenda mwaka juzi, ana miaka tisini na kitu, akili timamu, ulimi wembe. Siku ya mwisho alinishika mkono akanikabidhi ile ndoano imefungwa kwenye kitambaa.

"Wewe ni damu yake," akasema. "Deni lake unalo. Tafuta pa kusemea, penye watu wengi."

Nimehangaika nalo. Kijiji kimekua, mikutano siku hizi haina watu. Ndipo wajukuu wakanionyesha kwamba humu ndani kuna watu kuliko mkutano wowote niliowahi kuuona.

Funzo ni hili, kwa wewe uliyemchafua mtu hadharani halafu ukamtumia ujumbe wa siri kumwomba radhi: hujafanya kitu. Rudi palepale ulipolisemea neno lako, na watu wale wale wakusikie.

Sasa nasema, mimi Bertilla, binti wa Alfonsi, mbele yenu wote.

Bwawa lilikuwa na samaki. Zenon hakuiba.